Nilipika mayai sitini ya akina mama wa Kitangari kwa transista moja, kisha joto lile lile likatoa vifaranga

Wakuu, salaam kwenu wote, mnaochangia na mnaosoma kimya kimya mkaondoka.

Hiki ninachosimulia kimenitokea mimi, na kidole kilichoungua ni changu. Sijaongeza chumvi. Kama nitakosea mahali itakuwa kwenye hesabu, na humu najua mmejaa mainjinia, mtanisahihisha.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Masasi mjini. Redio, amplifaya, inveta, chaja za betri. Na ndiyo, ni mwanamke, maana kwenye uzi wangu uliopita mliniita "kaka" kurasa mbili nzima. Mtaani naitwa Mama Shani. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu kule Lisekese, ambaye alikuwa anatengeneza redio barazani kwake. Mjomba alijua kuchomea kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, ila kalamu na karatasi hakuvipenda, na mimi nikarithi yote mawili.

Sasa twende.

Mwaka huu mwezi wa sita alikuja kibandani kwangu mzee mmoja mtanashati, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Baba Esta. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, anaishi Kitangari, kule juu Newala.

Nikamwamkia, "Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa wewe ndiye fundi. Nina friji limekufa, nataka uligeuze liwe kuku."

Nilicheka mpaka nikaweka bisibisi chini.

Kumbe maana yake ilikuwa hivi. Mke wake, Mama Esta, anaongoza kikundi cha akina mama wanaofuga kuku wa kienyeji. Kuku mmoja huatamia mayai kumi, kumi na mawili, na akiatamia hatagi. Wakataka mashine ya kutotolesha. Za dukani wakaona hawaziwezi. Mzee akawaza: friji bovu ni sanduku linalotunza baridi, basi litatunza na joto. Betri za sola anazo, kubwa, zimebaki kutoka enzi zake za kuchajisha simu za watu. Umeme wa gridi upo, lakini ukikatika yai halijui kusubiri.

Kazi nikaipenda pale pale.

Mfumo wake wa betri ulikuwa volti 24. Mimi nilikuwa na koili nzuri ya kupasha joto, ya volti 12. Fundi mwenye akili angetafuta koili ya 24. Mimi nikasema, ah, naweka transista katikati, inapunguza volti, na thamostati, kile kidude kinachopima joto, inaiamuru transista iwashe au izime. Kwisha.

Nikachukua transista ile ya kofia ya chuma ambayo kila fundi wa amplifaya anaijua, 2N3055. Imeandikwa ampea 15, wati 115. Koili yangu inakula ampea 7 tu. Nikajiambia hapa nimebakiza nusu nzima, nina wasiwasi gani?

Nikaifunga kwenye hitisinki, yaani kile kibati chenye mapezi cha kupoza, kikubwa kama simu ya mkononi. Nikapanda nayo Kitangari, nikafunga, ikawaka. Ndani ya friji kipimajoto kikasoma nyuzi 37 na nusu. Akina mama wakapiga vigelegele.

Wakaleta mayai sitini. Kila mama aliandika jina lake kwa kalamu kwenye mayai yake. Mengine yaliandikwa vizuri kuliko daftari langu la shule.

Nikarudi Masasi kifua mbele.

Siku ya tisa, asubuhi, simu. Mama Esta.

"Mama Shani, mwanangu, friji linanuka kama jikoni."



Nilipanda siku hiyo hiyo. Basi mpaka Newala, halafu bodaboda mpaka Kitangari, na ule ubaridi wa juu kule mwezi wa saba unaingia hadi kwenye meno. Nilipofika, akina mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mayai yamepangwa kwenye ungo. Mmoja alikuwa amemenya moja. Limeiva. Gumu kabisa, kama la safarini.

Mama huyo ni Bi Asumini. Mjane, mwembamba, maneno machache. Alinitazama akasema, "Karibu mpishi. Chumvi tu ndiyo imekosekana."

Wengine wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Niwaeleze kilichotokea, kwa lugha nyepesi. Transista ikizidiwa na joto, mara nyingi haifi ikiwa imezima. Inakufa ikiwa imewaka. Inapiga shoti ndani kwa ndani, inakuwa kama kipande cha waya. Thamostati ilikuwa inasema "basi, inatosha", transista haisikii tena. Koili ya volti 12 ikapata volti zote 24. Na volti zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Mayai yangepona wapi?

Lakini mbona ilidumu siku nane? Hili ndilo lilinisumbua.

Baba Esta hakunifokea. Hilo liliniuma zaidi. Alichukua chaki (mwalimu mstaafu, chaki anazo mpaka leo), akasimama mbele ya mlango wa friji akaniuliza, "Ulipiga hesabu?"

"Nilikadiria, Baba."

"Haya. Betri volti ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Koili inakula ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hizo kumi na mbili nyingine zimekwenda wapi?"



Sikuwahi kujiuliza, wakuu. Miaka yote hiyo ya ufundi. Kichwani mwangu transista "inapunguza" volti, zinapungua tu, zimekwenda zao kusikojulikana.

Nikasema taratibu, "Zimebaki juu ya transista."

"Na ampea zinazopita kwenye transista?"

"Saba. Ni zile zile."

Akaandika kwenye mlango wa friji: 12 × 7 = 84.

Wati themanini na nne! Koili yangu yenyewe inatoa wati 84. Maana yake nilikuwa nimeweka majiko mawili yanayolingana. Moja ndani linayapasha mayai, lingine nje, kwenye kidubwasha cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, linampasha nani? Hewa ya Kitangari.

Jioni ile nikaingia humu jukwaani kuuliza kuhusu zile wati 115 zilizoandikwa. Mdau mmoja akanijibu kwa kifupi, na Mungu ambariki: "Hizo wati ni kama utaweza kuiweka kofia yake baridi nyuzi 25 muda wote. Wewe una barafu?"

Sina barafu.

Siku za mwanzo mchana ulikuwa na jua, thamostati inawasha dakika chache, inazima, transista inapumua. Usiku wa kuamkia ile siku ya tisa baridi ilishuka sana, thamostati ikawa haizimi. Transista haikupata pumziko mpaka ikaungua.

Niseme na jambo lingine. Ile iliyokufa niliikata kofia kwa msumeno nione ndani. Kile kipande chenyewe kinachofanya kazi kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Nikakata nyingine ya zamani, ya kwenye amplifaya ya mjomba, kipande chake kilikuwa kama mara tatu ya kile. Kwa hiyo kuna feki pia, mjihadhari. Ila sitajificha nyuma ya feki. Hata ya kweli ingeungua kwenye kile kibati changu.

Niliwaomba akina mama radhi, mmoja mmoja. Nikawaambia nitatengeneza upya bila kudai chochote. Wengi wakasema haya, bahati mbaya. Bi Asumini akasema, "Mimi nitaona."

Wiki iliyofuata nikarudi na hitisinki kubwa, ya amplifaya ya ukumbi, pana kama sinia, na transista nne badala ya moja, zigawane mzigo. Nikaifunga kwa nje, ubavuni mwa friji, kama mwanzo. Nikaiwasha tuijaribu kabla ya mayai.

Ilikuwa asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya mikorosho. Nikaigusa hitisinki kuona inapataje moto, na hapo ndipo kidole kilipoungua. Nikawa nakipuliza.

Mama Esta akaja na kikombe chake cha chai, akasimama karibu, akanyoosha mikono yote miwili juu ya hitisinki. Anaota moto! Ametulia kabisa, kama yuko mbele ya mafiga.

"Mama Shani, hiki kinaoteka vizuri."

"Ndiyo mama, hilo ni joto linalopotea. Nalitafutia njia ya kulipoza, nitaweka feni."

Akanywa chai. Akaniangalia, akaliangalia friji.

"Sasa mwanangu, mbona jiko umeliweka nje na mayai yako ndani?"

Wakuu.

Niliacha kupuliza kidole.

Nimesimama pale na bisibisi, nimesoma ufundi, mwenzangu amesimama na chai. Mimi nahangaika namna ya kulitupa joto, na friji lile lile linataka joto! Transista haihitaji koili. Transista NDIYO koili. Acha ibaki na volti zote 24 juu yake, acha ikae nusu wazi nusu kufungwa, ile hali mbaya ambayo kila fundi anaikimbia, na kila wati inayotoka iende kwa mayai.

Nilimkumbatia Mama Esta, chai ikamwagika.

Baba Esta akatoka ndani na chaki, bado ana kijiti cha mswaki mdomoni. Tukapiga hesabu upya pale pale mlangoni. Tunataka wati 84 zile zile. Volti 24. Basi ampea tatu na nusu tu, nusu ya zile za mwanzo. Ukigawa kwa transista nne, kila moja inabeba wati 21, tena kwenye hitisinki kubwa yenye feni. Zinatembea tu. Na betri zinapumua, maana hatuchomi tena jiko la pili kwa ajili ya hewa.

Ila kulikuwa na haraka, na haraka yenyewe iliingia getini wakati bado tunahesabu.

Bi Asumini. Amebeba kibakuli chenye pumba, ndani kuna mayai matano.

Alikuwa na kuku mmoja wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mbegu hiyo ilitoka kwa mama yake, imekaa kwenye boma lao tangu yeye ni msichana. Juzi yake kicheche aliingia bandani. Kuku amekwenda. Jogoo wa kishingo hana. Yamebaki mayai haya matano, na la kwanza lina siku sita tayari. Yai la kuatamiwa likikaa sana linakufa bila kuonekana.

"Kuku wengine hawajataga vya kutosha kuatamia," akasema. "Ningekuwa na pengine pa kuyapeleka, fundi, nisingekuja kwako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema ukweli wake.

Nikamjibu, "Bi Asumini, nipe siku tatu."

Nilishuka Masasi na hitisinki mapajani. Siku mbili sikufungua kazi nyingine. Nilichofanya ni hiki, kwa wanaotaka kuiga.

Transista nne, kila moja na rezista yake ndogo mguuni ili zisidhulumiane, maana iliyopata moto zaidi hupenda kuvuta umeme zaidi, na ikivuta zaidi inapata moto zaidi, mpaka inajiua yenyewe. Halafu nikaacha ile thamostati ya kuwasha na kuzima, nikaweka kihisi kinachozifungua na kuzifunga transista pole pole, kama mtu anayepunguza bomba. Kukiwa na baridi zinafunguka, kukipata joto zinajibana.

Na fyuzi. Hapa ndipo nilipofurahi peke yangu kibandani. Kwa kuwa koili haipo, transista ikipiga shoti umeme unapita mwingi mara moja, fyuzi inakatika, joto linazima, king'ora kinalia. Yai lililopoa kidogo linavumilia. Lililopikwa mnajua wenyewe mwisho wake.

Siku ya tatu nikapanda. Tulikata dirisha ubavuni mwa friji, mapezi ya hitisinki yakaingia ndani pamoja na feni ya kompyuta mbovu, transista zenyewe zikabaki mgongoni upande wa nje, zimefunikwa kiboksi cha mbao. Kwa hiyo ule unyevu wa bakuli la maji ndani hauzifikii nyaya.

Tukawasha. Tukakaa tunakitazama kipimajoto, mimi, Baba Esta, Mama Esta na Bi Asumini, kama watu wanaotazama mpira.

37. Ikapanda. 37 na nusu. 38 kidogo... ikarudi. 37 na nusu.

Ikakaa.

Saa nzima haikutikisika. Na ile koili ya mwanzo ilikuwa inacheza juu chini nyuzi mbili!

Bi Asumini akayaweka matano yake mwenyewe, kwa mikono miwili, safu ya katikati. Wengine wakaleta yao, yakafika hamsini na mbili. Walikuwa wamenisamehe kuliko nilivyojisamehe.

Sitawachosha na siku ishirini na moja. Niseme tu kwamba kila asubuhi nilipiga simu, na Baba Esta alikuwa ananisomea kipimajoto kwa sauti ya kutangaza matokeo ya darasa la saba. Wiki ya pili baridi ikashuka vile vile kama ule usiku mbaya. Akaniambia, "Transista zako zimefanya kazi usiku kucha, mwanangu. Kiboksi ni cha moto, friji 37 na nusu."

Nikasema tu asante Baba.

Siku ya ishirini alasiri nikawa nimeshafika Kitangari. Sikuweza kukaa Masasi. Asubuhi yake jua limetoka vizuri, akina mama wote wako uani, na ukiweka sikio kwenye mlango wa friji unasikia: pii, pii, pii.

Friji linalia!

Kupitia kile kioo kidogo tulichoweka mlangoni ukaonekana ufa, halafu mdomo, halafu kinyama kimelowa kinajikokota, kipande cha ganda kimegandia mgongoni kimeandikwa "MAMA HALI". Mama Hali mwenyewe alipiga kigelegele kilichowatoa majirani majumbani.

Kikaja kingine. Na kingine. Kila ganda likipasuka wanasoma jina, mwenye jina anaruka. Baba Esta anaweka alama kwa chaki ukutani. Mama Esta anacheza na ungo kichwani.

Safu ya katikati kimya.

Bi Asumini alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono amekunja. Ikafika saa nne, saa tano. Wengine wameshatotoa thelathini na ushee. Mimi nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, nikajifanya naongea na simu.

Nikasikia sauti ya Bi Asumini, mara ya kwanza naisikia ikiwa juu:

"Shingo! Shingo! Oneni shingo!"

Nilikimbia, kandambili moja ikabaki njiani.

Kilikuwa kimetoka, kimelala ubavu, kinahema, na shingo yake haina kitu. Uchi, nyekundu, mbaya jamani, kibaya kuliko vifaranga vyote mle ndani. Bi Asumini alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alinishika mkono, ule wenye kidole kilichoungua, akaung'ang'ania hapo mpaka cha pili kikatoka.

Kufikia jioni matatu kati ya matano yalikuwa yametotoa. Wawili shingo tupu, mmoja ana manyoya kama wengine, na huyo wa tatu Bi Asumini alisema atampenda hivyo hivyo. Kwa jumla ya wote vifaranga arobaini na nne. Tulipikiwa ugali wa muhogo na kisamvu, mayai hakuna aliyethubutu kuyataja.

Nilichojifunza, wakuu.

Volti haipotei. Ukiona kifaa "kinapunguza" umeme, jiulize kilichopungua kimegeuka nini na kimekaa wapi. Zidisha volti zilizobaki juu ya transista kwa ampea zinazopita, kabla hujashika cha kuchomea. Hesabu hiyo inachukua dakika moja. Mimi kuikwepa kulinigharimu mayai sitini na usingizi wa wiki nzima.

Na mteja akikuuliza swali linaloonekana la kitoto, weka bisibisi chini umsikilize. Yeye ndiye anayeishi na hicho kitu.

Sasa nahitaji msaada wenu. Kikundi kimepata friji la pili, lile refu la vinywaji, wanataka mayai mia tatu. Mimi nawaza transista nane na hitisinki mbili. Kuna rafiki yangu wa Newala mjini anasema niache ushamba, nitumie mosfeti, transista za aina nyingine, za kuwasha na kuzima kwa kasi, hazipati moto kabisa. Nikampelekea Mama Esta wazo hilo.

Akaniuliza, "Zisipopata moto, mwanangu, sisi zitatusaidia nini?"

Karibuni kwa maoni. Mwenye uzoefu wa friji refu, hasa joto la juu na la chini kutolingana, aseme. Na mwenye jogoo wa kishingo kati ya Masasi na Newala anicheki inbox, kuna vifaranga viwili vinakua haraka.